Vipimo vyangu ni safi, lakini mimi si mzima

BARUA

Mshauri wetu,

Asalaam aleikum. Mimi ni mama wa miaka 47, mkazi wa Ngamiani hapa Tanga, na nina watoto watatu. Nimesita sana kuandika barua hii kwa sababu jambo linalonisumbua silijui jina, na kila ninayemweleza hulipa jina lake mwenyewe.

Kazi yangu ni kupika vitumbua. Mchele nauroweka mchana, jioni naupeleka mashineni kusagwa, na saa kumi alfajiri nawasha mkaa ili vijana wa bodaboda na wachukuzi wanaoelekea bandarini wavikute vya moto. Mume wangu alikuwa fundi mitambo katika kiwanda cha mkonge mpaka alipopigwa na kiharusi, miaka miwili na miezi mitatu sasa. Upande wake wa kulia hauna nguvu, maneno humtoka kwa taabu, na yale machache yanayotoka bila taabu, Mwenyezi Mungu anisamehe kwa kusema hivi, mengi yake ni matusi. Namwogesha, namlisha, na usiku naamka saa sita na saa nane kumgeuza ili asipate vidonda vya kulala. Kijana wangu mkubwa yuko Dar es Salaam na hutuma fedha anapopata. Wa pili ni binti wa miaka 23 ambaye ameshaposwa, na wa mwisho yuko kidato cha pili.

Miezi minane iliyopita mwili wangu ulianza kunigeuka. Nashtuka usingizini moyo ukinidunda kama mtu anayetwanga kisamvu, na hata usiku ambao binti yangu huchukua zamu ya kumgeuza baba yake, mimi saa nane naamka vilevile. Kichwa kinanibana pande zote kama kilichofungwa kitambaa kikakazwa. Tumbo hujaa gesi, chakula hakinipiti, na nguo zangu zimeanza kunipwaya. Mara nyingine joto hunipanda kutoka kifuani hadi usoni, nikalowa jasho hata upepo wa bahari ukiwa unavuma. Kuna usiku natamani nilale nisiamke, ingawa sijawahi kufikiria kujidhuru, kwa maana nikifa mimi nani atamgeuza?

Mwezi uliopita nilitia chumvi kwenye uji wa vitumbua badala ya sukari. Nilipika chuma kizima, nikakigeuza kila kimoja kwa kijiti kama kawaida, na nilijua nimekosea pale mteja wa kwanza alipotema. Sikulia wala sikucheka. Nilikaa juu ya kigoda nikiangalia mafuta yakifuka moshi, mpaka mwanangu mdogo alipokuja na matambara akakiondoa chuma motoni.

Nimehangaika na matibabu. Zahanati moja walinitibu taifodi mara mbili, nyingine wakasema ni UTI. Nikaenda hospitali, nikapimwa damu, sukari, kipimo cha umeme wa moyo na utrasaundi ya tumbo. Presha siku ya kwanza ilikuwa 148 kwa 92, na wiki iliyofuata 126 kwa 80. Nikaambiwa, “Mama, vipimo vyako ni safi.” Daktari mmoja kijana, badala ya kunipa dawa, aliniuliza, “Wewe anakuuguza nani?” Nilinyamaza. Akaandika karatasi niende kliniki ya afya ya akili. Sikumjibu neno, lakini niliumia, kwa sababu mimi si kichaa. Katika mtaa wetu watoto wakitaka kutishana hutaja Lutindi, kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili. Karatasi ile niliikunja nikaificha ndani ya kopo la iliki, mahali ambapo hakuna mwingine atiaye mkono.

Wifi yangu, ambaye ananipenda na sina shaka na hilo, anasema nimekumbwa na pepo. Amemwona mganga upande wa Pangani ambaye anataka kunipunga pepo kwa siku tatu, kwa shilingi 450,000. Mwezi ujao kikoba kinagawana na fungu langu ni kama 500,000, ambazo niliziweka kwa ajili ya harusi ya binti yangu. Kaka yangu yeye anasema nimepungukiwa na imani, niswali na niache kuwaza. Ninaswali, mshauri. Ninachokitumia kwa sasa ni Panadol na diklofenaki karibu kila siku, na jirani alinipa vidonge vya usingizi ambavyo hutumia mama yake.

Naogopa kwamba nikienda kliniki ile watu wa posa watasikia kwamba mama mkwe ana matatizo ya akili. Binti yangu mwenyewe ameomba mara mbili tarehe isogezwe mbele, wala sababu hasemi. Naomba unieleze: mimi naumwa mwili, naumwa akili, au nimekumbwa? Niende wapi kwanza?

Mama Vitumbua, Tanga

JIBU

Dada yangu, waaleikum salaam.

Nitaanza na sentensi uliyoipenyeza katikati ya barua kana kwamba haina uzito, pale unaposema kwamba kuna usiku unatamani ulale usiamke. Nimekusikia. Umesema pia kwamba hujawahi kufikiria kujidhuru, nami nakuamini, kwani wengi wanaouguza watu wao kwa miaka hufika mahali pa kutamani mapumziko ya namna hiyo na wakakaa hapo bila kwenda mbele zaidi. Hata hivyo, siku ambayo mawazo hayo yataanza kukuletea njia au saa, basi siku hiyohiyo, iwe mchana au usiku, mwamshe binti yako umwambie kwa maneno yasiyozunguka, na mwende pamoja kitengo cha dharura cha hospitali. Usingoje siku ya kliniki. Na vile vidonge vya jirani mpe binti yako avitunze leo, au bora zaidi virudi kwa mwenyewe.

Sasa tuketi tuzungumze. Kama nimekuelewa vizuri, una mwili unaolalamika kwa miezi minane, una majibu ya hospitali yanayosema huna kitu, na una watu watatu wanaokupenda au kukujali, kila mmoja akikuvuta upande wake: daktari kijana na karatasi yake, wifi na mganga wake, kaka na mawaidha yake. Umewasikiliza wote, kisha ukanigeukia mimi ukitaka niamue kesi, iwe ni mwili, ni akili, au ni jini. Kuamua siwezi, na kwa kweli swali lenyewe linanitia mashaka, kwa sababu linachukulia kwamba ndani yako mna vyumba vitatu vyenye milango yake, na ugonjwa umeingia kimoja tu.

Lugha yetu haijawahi kukubali jambo hilo. Mtu mwenye hofu tunasema ana matumbo joto. Anayengoja habari mbaya roho yake iko juu, aliyekata tamaa amekufa moyo, na mwenye madeni kichwa kinamuuma hata kabla hajaamka. Wazee waliotuachia maneno hayo hawakuwa wakipamba mazungumzo. Walikuwa wakieleza mahali wanapoumwa. Shirika la Afya Duniani lilikuja kuandika katika katiba yake, iliyotiwa saini mwaka 1946, kwamba afya ni hali ya kuwa mzima kabisa kimwili, kiakili na kijamii, wala si kukosa maradhi tu. Ukiisoma sentensi hiyo, utaona kwamba “vipimo safi” ni jibu la sehemu moja ya swali.

Chukua moyo wako wa saa nane. Mwili ulio katika tahadhari humwaga homoni ya adrenalini, ambayo hukimbiza moyo, hukaza misuli ya shingo na kichwa, na hupunguza damu inayokwenda tumboni ili ipatikane ya kutosha mikononi na miguuni, kwa sababu maumbile yanadhani kuna mnyama wa kupambana naye au wa kumkimbia. Wewe huna wa kumkimbia. Umelala karibu na mtu unayepaswa kumgeuza, na kwa zaidi ya miaka miwili umeufundisha mwili kwamba saa nane ni saa ya kazi. Ndiyo maana hata zamu ikichukuliwa na binti, mwili wako huamka kuripoti. Kichwa kinachobana pande zote, tumbo linalojaa, chakula kisichopita, vyote hivyo vinaweza kutoka katika chemchemi hiyo moja. Ni maumivu ya kweli. Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu nilipokuwa muuguzi kijana niliwahi kumwambia mama mmoja, tena mbele ya watu, kwamba hana ugonjwa, ana mawazo tu. Aliondoka bila kuaga. Neno lile “tu” nimelijutia hadi leo.

Lakini ningekudanganya kama ningekuacha uamini kwamba yote hayo ni mzigo wa moyo, kwani yapo mambo ya mwili ambayo, kwa jinsi ulivyoeleza, hakuna aliyekuuliza. Una miaka 47 na joto linakupanda kutoka kifuani hadi usoni. Je, hedhi yako imeanza kuruka miezi? Wanawake wengi hufikia ukomo wa hedhi kati ya miaka 45 na 55, na miaka inayotangulia huweza kuleta joto hilo, jasho la usiku, usingizi wa kukatika, moyo kwenda mbio na hata huzuni isiyo na sababu. Tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi nayo hukondesha mtu na kukimbiza moyo, na upungufu wa damu hukimbiza moyo pia. Umesema ulipimwa damu, lakini damu hupimwa kwa mambo mengi, kwa hiyo rudi na majibu yako uulize ni kipi kilichopimwa na kipi hakikupimwa. Presha yako ilipanda siku moja na kushuka nyingine, jambo ambalo haliruhusu kusema una ugonjwa wa presha wala kusema huna. Ipimwe tena mara kadhaa, ukiwa umekaa na kupumzika, usiku wa kuamkia siku hiyo ukiwa angalau umelala kidogo.

Kisha kuna dawa zako. Panadol na diklofenaki karibu kila siku ni jambo la kutazamwa haraka kuliko hata jini la wifi. Dawa za maumivu zikitumiwa siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa miezi kadhaa, zinaweza zenyewe kuwa chanzo cha kichwa kuuma, na mtu huzunguka hapo akitibu kichwa kwa kitu kinachokiumiza. Diklofenaki huchubua tumbo, huweza kupandisha presha na kudhuru figo. Usishangae ukisikia kwamba tumbo lako na ile 148 vina uhusiano na mfuko wako wa dawa. Mweleze daktari idadi kamili bila aibu, akuongoze namna ya kupunguza, kwa kuwa siku za mwanzo za kuacha kichwa huweza kuuma zaidi kabla ya kutulia.

Ruhusu niguse la mume wako, ambalo umelisema kwa kumwomba Mungu msamaha. Kiharusi kinachopooza upande wa kulia mara nyingi hugusa sehemu ya ubongo inayotunga maneno, na wagonjwa wa namna hiyo hupoteza maneno ya kupangwa lakini hubaki na yale yanayotoka yenyewe: salamu, kuhesabu, maneno ya dua, na matusi. Mtu anaweza kutaka kusema “maji” mdomo ukatoa tusi, na yeye mwenyewe akashtuka. Sisemi kwamba kila tusi lake halina nia, maana wewe ndiye unayemjua tangu ujana wake. Nauliza tu kama umewahi kumtazama macho wakati neno linapomtoka. Tena, takriban mmoja kati ya watu watatu waliopata kiharusi hupata sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka, baadaye, na kwa mwanamume aliyezoea kufungua na kufunga mitambo, hasira huwa ndiyo sura ya sonona hiyo. Huenda nyumba yenu ina wagonjwa wawili wa jambo moja.

Na kuna msiba ndani ya nyumba hiyo ambao haukutangazwa. Mwanamke akifiwa na mume hukaa eda miezi minne na siku kumi. Watu huja, hupika, humshika mkono, na hakuna anayetarajia awashe mkaa alfajiri. Wewe mume wako yu hai, alhamdulillahi, lakini yule uliyekuwa ukizungumza naye baada ya chakula cha jioni ameondoka, na hakuna aliyekuja kukupa pole. Ulitoka wodini ukaingia jikoni siku hiyohiyo. Ninapokuona juu ya kile kigoda, mafuta yakifuka moshi, simwoni mwanamke aliyerukwa na akili, namwona mfiwa ambaye hajapewa mkeka wa kukalia. Pengine nimekosea. Wewe utajua.

Kuhusu mganga, sitakudharau wala sitamdharau wifi yako. Sisi wa pwani tumekua tukisikia ngoma za pepo, na kuna jambo bibi zetu walilielewa: pepo akipanda kichwani huulizwa anataka nini, naye hutaja kanga, marashi, halua, au mume awe mpole, na watu waliokuwa hawamsikilizi mwenye mwili humsikiliza pepo. Mwanamke hupata siku tatu za kuwa katikati ya watu. Sishangai kwamba wengine hutoka pale wakiwa wamepata nafuu. Swali langu ni la siku ya nne. Ngoma ikishanyamaza, 450,000 zikishakwenda, nani atakuwa ameamka saa sita usiku kumgeuza mgonjwa? Ziko pia hatari ambazo si za kufumbia macho: kuambiwa uache au mume wako aache dawa za presha, kunyweshwa mizizi isiyojulikana juu ya dawa za hospitali, kufungiwa, kupigwa. Mahali panapodai lolote kati ya hayo, ondoka hata kama umeshalipa. Kisomo cha nyumbani, dua ya jamaa, kombe la shehe unayemwamini, hayo hayazuii matibabu wala matibabu hayayazuii, na karibu na nyumbani kwako hapakosi shehe atakayekusomea bila kudai hata nusu ya fedha hizo.

Kaka yako naye ana haki katika nusu ya maneno yake, kwani sala humpa mtu utulivu na mpangilio wa siku. Nusu ya pili ndiyo inayonisumbua. Mtu hawezi kuamrishwa aache kuwaza, kama vile hawezi kuamrishwa aache kuhisi joto la jiko. Washona wa Zimbabwe wana neno kufungisisa, maana yake kuwaza kupita kiasi, na wanalihesabu kuwa ni maradhi. Mwaka 2006 daktari mmoja wa huko, Dixon Chibanda, alianzisha mpango wa kuwafundisha bibi wa mitaani Harare kukaa na wagonjwa kwenye mabenchi nje ya zahanati, wakawasikiliza na kuwasaidia kushika tatizo moja moja. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba baada ya miezi sita waliopata huduma hiyo walikuwa na dalili chache kuliko waliopata huduma ya kawaida. Hao bibi hawakuwaambia watu waache kuwaza. Waliwauliza wanawaza nini.

Nije kwenye karatasi iliyomo ndani ya kopo la iliki. Kliniki ya afya ya akili katika hospitali ya rufaa ya mkoa, kama Bombo yetu, ni mahali pa kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Utaulizwa juu ya usingizi, chakula, nguvu, huzuni, na kama nyumbani kuna anayekusaidia. Huenda ukapangiwa mazungumzo, huenda ukapewa dawa. Dawa za sonona, kama fluoksetini, au amitriptilini ambayo kwa dozi ndogo husaidia pia kichwa na usingizi, hazikulevyi na kwa kawaida hazikufanyi mtumwa wake, ila huchukua wiki kadhaa kuleta nafuu ya moyo, hukausha mdomo au kusumbua tumbo mwanzoni, na haifai kuziacha ghafla. Za usingizi kama diazepamu ndizo zinazozoeleka haraka mtu akishindwa kulala bila hizo. Hasara za kwenda kliniki nazo nizitaje: utapoteza asubuhi nzima ya biashara, unaweza kukutana na mhudumu mwenye ulimi mkavu, na mazungumzo ya kweli huamsha machozi uliyoyalaza muda mrefu, kwa hiyo wiki za mwanzo unaweza kujihisi umechoka zaidi.

Lutindi uliyoitaja iko milimani kule Korogwe, na inasikitisha kwamba jina la mahali palipowahifadhi wagonjwa kwa zaidi ya miaka mia limekuwa la kutishia watoto. Wewe hukuandikiwa kulazwa popote. Nadhani yule daktari kijana alikuuliza swali ambalo hakuna mwingine aliyekuuliza kwa miaka miwili, na lilikuuma kwa sababu jibu lake lilikuwa “hakuna”. Inawezekana uchungu ulioupata ulikuwa wa swali, ukauangushia karatasi.

Hofu ya posa ni ya kweli na siwezi kukuahidi kwamba watu hawatasema. Nakukumbusha tu kwamba mama mkwe aliyekonda, asiyelala, anayetia chumvi kwenye vitumbua, ameshaanza kuzungumzwa mtaani. Halafu mtazame binti yako. Ameomba tarehe isogezwe mara mbili, nawe umeiandika habari hiyo kama mashaka juu ya ndoa. Mimi nikiisoma naona uwezekano mwingine: msichana anayechukua zamu ya usiku, anayekuona unavyopungua, anaogopa kukuacha peke yako na baba yake. Muulize, mkiwa mnachambua mchele, bila ya wifi kuwepo. Akikuambia ndivyo, basi kujitibu kwako nako kumo katika maandalizi ya harusi.

Wifi yako nimemwacha mwisho kwa sababu naona ndiye mlango ulio wazi kuliko yote. Mgonjwa ni kaka yake. Ana moyo wa kutafuta mganga hadi Pangani. Je, anao wa kukaa na kaka yake alasiri mbili kwa wiki wakati wewe umelala chumba kingine, mlango umefungwa? Unaweza kumwambia, “Wifi, kabla hatujatoa hizo fedha, nisaidie mwezi mmoja kwa mikono yako, kisha tuangalie nilivyo.” Anaweza kukasirika, akaona unamkatalia. Anaweza pia kushtuka kwamba hukuwahi kumwomba. Kijana wa Dar naye aambiwe kiasi na tarehe, maana “anapopata” haijengi ratiba. Hata mtu wa kulipwa aje kumwogesha baba yake asubuhi tatu kwa wiki angebadilisha mengi. Mume wako mwenyewe, akiwa na mkono mmoja wenye nguvu, anaweza kufundishwa na wataalamu wa mazoezi ya viungo kujivuta na kujigeuza kwa kiasi fulani, na hapo saa nane ikaanza kuwa yako.

Sijui utaanzia wapi, na hulazimiki kuanzia mahali pamoja. Wapo waliopeleka majibu yao kwa daktari Jumatatu, wakasomewa dua Ijumaa, na katikati ya wiki wakakaa na jamaa kugawana zamu. Ukiamua kwenda kliniki na ukaogopa macho ya watu, nenda na binti yako. Wawili husindikizana, na anayewaona hajui nani amemsindikiza nani. Ukiamua bado, nitakuelewa. Lakini karatasi ile itoe kwenye iliki uiangalie tarehe, kwa sababu ikikaa sana huenda ukatakiwa kuanza tena dirishani, na unyevu wa Tanga unaujua unavyofanya wino.

Niandikie tena, hata mistari miwili, unieleze binti amejibu nini.